Wazo Jipya Lisiachwe Mlangoni

Vyama vya kusaidiana havifi kwa ukosefu wa fedha peke yake. Vingi hufa kwa sababu mawazo mapya hayapewi nafasi.

Huko Landless, mjini Thika, nilialikwa katika mkutano wa kikundi kinachowanunulia mayatima sare za shule. Jina la mtaa huo maana yake ni wasio na ardhi, na asiye na shamba mali yake ni akili na mikono. Binti mmoja, fundi cherehani, aliyeketi karibu na mlango, alishauri vinunuliwe vitambaa, naye awafundishe kushona mama za watoto hao. Mwenyekiti akajibu, "Hatujazoea hivyo." Katibu hakuandika hata neno. Nilijiuliza: sare huchakaa, je, ufundi nao huchakaa?

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwaka wa 5 Hijria (627), Madina ilipokabiliwa na jeshi kubwa, aliyeshauri handaki lichimbwe alikuwa Salman Al-Farsi, mgeni kutoka Uajemi. Waarabu hawakuwa na desturi hiyo katika vita. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) alilikubali shauri lake, akachimba pamoja na masahaba, na mji ukasalimika.

Nasi watu wa pwani tunao mfano wa karibu zaidi. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Mombasa waliona watoto wao wakibaki nyuma shuleni, wakaomba msaada kwa Wakfu wa Aga Khan. Jawabu halikuwa majumba makubwa. Masomo ya chekechea yaliingizwa katika madrasa, dini na hesabu pamoja. Bi Swafiya Said aliwafunza wanawake wa mitaa hiyo hiyo kuwa walimu, na vifaa vikatengenezwa kwa vitu vilivyopo, kama vifuu na vifuniko vya chupa. Mwaka 1990 mpango ulifika Zanzibar, na 1993 Uganda.

Basi nawausia wenyeviti wetu: kabla ya kufunga mkutano, waulizwe walio mlangoni. Kila shauri liandikwe, kisha lijaribiwe kwa udogo, darasa moja au mtaa mmoja. Likishindwa, hasara ni chache. Likifaulu, chama kitakuwa na la kujivunia hata siku wafadhili watakapoondoka.