Usimwite rubani wa RAF kabla ya kutazama mkono wa koti

Katika kasha la marehemu babu tulikuta picha ya kijana wa Kizungu aliyevaa sare. Nyuma pameandikwa jina moja tu, la kwanza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili babu alikuwa dobi hapa Mombasa, na nyumbani tuliambiwa siku zote kwamba huyo alikuwa rubani wa RAF, rafiki yake. Nilitaka kuwatafuta jamaa zake niwarudishie picha. Nikahangaika miezi na kumbukumbu za RAF, nisipate kitu. Kosa lilikuwa langu: sikuisoma sare.

RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, walishona beji ya urubani kifuani, upande wa kushoto, juu ya mfuko. Mabawa mawili ni rubani. Bawa moja lenye herufi ni mwenzake ndani ya ndege: AG ni mpiga bunduki, N ni mwongoza njia. Beji ya N ilianza 1942. Ukiiona, jua picha si ya kabla ya mwaka huo.

Kijana wetu hana kitu kifuani. Mabawa yake yako kwenye mkono wa kushoto wa koti, juu ya tepe ya cheo. Huko ndiko walikoyavaa marubani wa Jeshi la Majini. Hapo nikaelewa. Mwaka 1942 manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini, na ndege zao zikatumia uwanja wa Port Reitz, ambao leo ndio uwanja wetu wa Moi.

Tepe nayo inasema. Ya ofisa wa kudumu imenyooka. Hii imepinda kama wimbi, kwa hivyo alikuwa wa akiba ya kujitolea. Ndani ya kitanzi chake mna herufi A, alama ya tawi la anga. Na tepe ni moja tu: cheo chake kilikuwa chini ya luteni.

Lakini picha ni ya siku moja. Huenda alipanda cheo baadaye, na mkono wa koti hautaji kikosi wala meli. Hayo hutafutwa kwenye orodha za maofisa zilizochapishwa wakati wa vita, ambazo sasa zasomeka kwenye intaneti, na kwenye nyaraka zilizoko Kew, London. Ndiko niliko sasa, nikifuata jina lile moja.

Ndugu msomaji, nawe ukiwa na picha kama hii, hata ya babu yako aliyekuwa KAR, tazama kofia, mabega, kifua na mikono. Andika unachokiona kwanza, kisha waulize wazee wangali hai. Babu yangu sikumuuliza.