Makumbusho ya Elimu Viumbe: Darasa la Familia na Urithi wa Kusini

Makumbusho ya elimu viumbe ni mahali panapohifadhiwa na kuoneshwa ushahidi wa uhai wa kale na wa sasa: mifupa, ndege na wadudu waliokaushwa, samaki, mimea, pamoja na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa zamani yaliyogeuka kuwa mawe. Nchini Tanzania, Makumbusho ya Taifa ndiyo yenye dhamana ya kazi hiyo. Kituo chake cha elimu viumbe kipo Arusha, katika boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900. Kwa familia za Mtwara, kituo kinachofikika kwa urahisi zaidi ni Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, kilichopo Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam.

Wazazi wengi hudhani kuwa makumbusho ni mahali pa watalii au pa wanafunzi walio katika ziara ya shule. Historia ya ukanda wa kusini inaonesha vinginevyo.

Mijusi wakubwa wa Tendaguru

Mwaka 1906, mhandisi wa Kijerumani Bernhard Sattler aliona mfupa mkubwa usio wa kawaida karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wataalamu kutoka Berlin waliendesha uchimbaji mkubwa mahali hapo. Mamia ya wenyeji walichimba, wakafungasha mifupa hiyo na kuibeba vichwani na mabegani kwa safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Ujerumani. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 aina mojawapo ya mijusi hao ilipewa jina la kisayansi la kumkumbuka, Australodocus bohetii.

Mijusi hao, wajulikanao kama dinosaria, waliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Mmoja wao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu mwaka 1937. Hivyo basi, mtoto wa Lindi au Mtwara anayetaka kuona mifupa hiyo iliyotoka katika ardhi ya jirani, hana budi kuvuka bahari. Suala la kurejeshwa kwa masalia hayo, au la manufaa ambayo Tanzania inastahili kuyapata, limejadiliwa bungeni zaidi ya mara moja.

Samaki aliyedhaniwa kutoweka

Bahari nayo ina kisa chake. Samaki aitwaye silikanti alidhaniwa kuwa alitoweka pamoja na dinosaria. Mwezi Desemba mwaka 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa mji wa East London nchini Afrika Kusini, alimkuta mmoja katika samaki waliovuliwa na meli. Tangu mwaka 2003, silikanti wamenaswa pia katika majarife ya wavuvi wa Tanzania, kuanzia eneo la Songo Mnara, Kilwa.

Visa hivi viwili vina funzo moja. Makumbusho hayaanzii kabatini. Huanza pale mtu anapoona kitu kigeni shambani au wavuni, akakitunza na kutoa taarifa.

Maandalizi ya ziara

Familia inayosafiri kwenda Dar es Salaam kwa matibabu, harusi au likizo inaweza kutenga nusu siku kwa ajili ya makumbusho. Raia hutozwa kiingilio pungufu kuliko wageni kutoka nje, hivyo ni vyema kubeba kitambulisho cha taifa, na mwanafunzi abebe cha shule. Watoto wadogo huchoka upesi: ni afadhali kutazama vitu vichache kwa utulivu kuliko kupita vyumba vyote kwa haraka. Mzazi asiyejua jibu la swali la mtoto amwulize mhifadhi, kwa kuwa kuelimisha wageni ni sehemu ya kazi yake.

Kwa wasioweza kusafiri, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ni darasa lililo wazi. Humo mna mikoko, matumbawe na kasa. Babu au bibi anayefahamu majina ya samaki na miti ya pwani ni mwalimu anayetosha kwa matembezi hayo.

Wajibu wa mwananchi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku na masalia ya kale. Mwananchi anayekuta mfupa uliogeuka jiwe, au kitu kingine cha aina hiyo, wakati wa kulima, kuchimba kisima au msingi wa nyumba, anapaswa:

- kuacha kuchimba mahali hapo na kutokiondoa wala kukivunja;
- kuweka alama ya mahali kilipoonekana;
- kutoa taarifa bila kuchelewa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata;
- kutokiuza wala kukikabidhi kwa mtu asiye na kibali cha Serikali.

Masalia yaliyoondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita hayakuondoka kwa ridhaa ya wananchi wa kusini. Yale yaliyobaki ardhini na baharini yamo katika uangalizi wao.