Mashua ya Alumini na Mbao za Mgololo



Mkazi wa Mgololo, wilayani Mufindi, amezungukwa na misitu ya misindano, wala hakosi mbao anapotaka kuunda chombo cha kuvulia. Hata hivyo mashua ya alumini ina sifa zake. Haiozi wala hailiwi na mchwa. Na bamba lake lenye unene wa milimita 3 lina uzito wa kilo 8 hivi kwa mita ya mraba, yaani theluthi moja ya chuma cha unene huo. Chombo kilichoundwa uani huku milimani chaweza kupakiwa garini na kupelekwa bwawa la Mtera, au Matema kwenye Ziwa Nyasa. Fundi mbao hodari aweza kukiunda, lakini yapo mambo ambayo mbao hazikumfundisha.

Bati la kuezekea halifai kabisa. Halifiki hata milimita moja, na jiwe la ufukweni hulitoboa. Yaagizwe mabamba ya aloi ya vyombo vya majini, namba 5052 au 5083.

Mashine ya kuchomelea mageti nayo haifai. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, ilhali utando mwembamba ulioifunika hauyeyuki mpaka nyuzi 2,000 na zaidi. Fundi asiye na mashine yake maalumu na gesi ya argoni hutoboa bamba kabla ya kuliunga. Chama kisicho na vifaa hivyo kitumie ribiti za alumini, safu mbili, pamoja na gundi ya kuzibia maji katikati ya mabamba.

Hatari kubwa kwetu sisi imo katika mbao zenyewe. Mama aliyepika maharage kwa magadi katika sufuria ya alumini ameiona ikigeuka nyeusi. Mashua ni ndugu wa sufuria hiyo: magadi, maji ya majivu na saruji mbichi huila. Shaba huidhuru zaidi, nayo shaba imo katika ile dawa inayozipa nguzo na mbao zetu rangi ya kijani. Ubao wenye dawa hiyo ukigusana na alumini na kulowa, huila sakafu polepole, chini ya kiti, mahali pasipoonekana. Basi viti vitengenezwe kwa mbao zisizotiwa dawa, zipakwe rangi, na kitandikwe kipande cha mpira zinapogusana na bamba. Misumari ya shaba isitumike. Misindano itumike kwa moyo mkunjufu katika kiunzi cha kuundia, maana hicho hakiendi majini.

Alumini huzama. Mashua ya kilo 80 ikijaa maji huvutwa chini kwa uzito wa kilo 50 hivi. Ongeza injini ya kilo 25. Dumu tupu la lita 20, lililofungwa barabara, hubeba kilo 19 hivi. Madumu manne ndiyo kipimo cha chini kabisa. Yafungwe sita, kwa kamba madhubuti, chini ya viti kandokando ya mbavu.

Kabla ya safari ya kwanza, mashua iegemezwe vizuri juu ya magogo, itiwe maji ndani kiasi cha kimo cha kiganja, iachwe usiku kucha. Asubuhi palipo na tone nje patiwe alama ya chaki, na ribiti za hapo zing'olewe zipigwe upya.