Udongo Tunao, Mbegu Safi Iko Wapi?

Mama, bunga uliyosonga nayo bukari jana ilitoka wapi? Hapa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, mara nyingi mfuko umepita Kasumbalesa ukitoka Zambia. Mwezi wa pili 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa msiba wa taifa. Mashamba ya ng'ambo yakikauka, sahani ya mtoto wako inapunguka.

Lakini toka kidogo nje ya mji. Nyasi inaota fasi kubwa, wala hakuna mstari mmoja wa muhindi. Inchi yetu inahesabiwa kuwa na hektari karibu milioni 80 zinazofaa kulimwa, na sehemu ndogo tu njo inalimwa. Juu ya nini?

Wazee wanakumbuka posho. Kampuni iligawa bunga, nasi tukazoea kuona shamba kama kazi ya wengine. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya toni 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufika 50,000. Posho iliisha, mazoea yakabaki.

Hata hivyo, si uvivu tu. Wengi walilima, wakavuna kidogo, wakaacha. Angalia mihogo yako: majani yamejikunja na kuwa na madoa ya manjano? Ni ugonjwa wa mozaiki. Unaletwa na inzi wadogo weupe, tena na sisi wenyewe, tunapopanda miti tuliyokata kwenye shina lenye ugonjwa. Dawa ya kuuponya hakuna.

Ugonjwa huu haujui mpaka. Mwisho wa miaka ya 1980 namna yake kali ilianzia Uganda, halafu ikaingia Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na kwetu Kongo. Watu wa Uganda waliacha mashamba, njaa ikaingia. Hapo watafiti wao walishikana na kituo cha IITA cha Ibadan, Nijeria, wakajaribu mihogo yenye nguvu, wakagawia wakulima miti yake. Mashamba yaliyoachwa yakapandwa tena.

Vilevile mwaka 1994 vyama vya utafiti vya inchi kumi, yetu ikiwa ndani, vilifunga umoja unaoitwa ASARECA. Faida yake ni nini? Inchi moja haianzi kila kitu peke yake: mbegu iliyoshinda fasi moja inajaribiwa kwa jirani. Lakini lazima ijaribiwe, kwa maana udongo wetu mwekundu wa Katanga ni wa uchungu, si sawa na ule wa volkano ya Kivu. Kazi hiyo ni ya INERA, yenye kituo huku Kipopo, karibu na Lubumbashi.

Sasa wewe na jamaa yako mfanye nini mbele ya mvua ya mwezi wa kumi na moja?

Kwanza, usikate miti ya mihogo kwa shina lenye majani yaliyojikunja. Mche ukiugua mapema, ung'oe. Pili, panda maharagi ao karanga katikati ya mihogo; zinarudishia udongo nguvu. Tatu, nyumba tano ao sita mwungane, mwende kwa agronomi kuuliza mbegu iliyojaribiwa, mtoe kipande cha shamba kwa kuipima kando ya ile ya zamani. Andikeni mavuno ya kila moja.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Watafiti wanahitaji shamba lako, nawe unahitaji mbegu yao. Shaba ikichimbwa inaisha. Udongo ukitunzwa, wajukuu watakula.