Miaka Mingapi Inamtosha Mtu Kuvaa Joho?

David Neuberger alisoma kemia Oxford, akafanya kazi benki miaka michache, kisha mwaka 1974 akaingia kwenye uwakili. Mwaka 2012 alishika wadhifa wa Rais wa Mahakama ya Juu ya Uingereza, na hakuwa na shahada ya sheria. Mwaka huohuo alijiunga na mahakama hiyo Jonathan Sumption, mwanahistoria aliyewahi kufundisha Oxford kabla ya kuacha ualimu na kugeukia kesi. Hawa hawakupenyezwa kwa upendeleo. Uingereza na Wales zina njia ya wazi inayomruhusu mhitimu wa somo lolote kujifunza misingi ya sheria kwa kama mwaka mmoja, badala ya kurudi chuoni kuanza shahada nyingine. Tuiite kozi ya kubadili fani. Hoja yangu ni kwamba njia hiyo haishushi hadhi ya taaluma, kwa sababu hadhi ya wakili hulindwa na mtihani wa mwisho na kazi anayoifanya chini ya uangalizi, wala si idadi ya miaka aliyokaa darasani. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu nzuri ya kuitazama kwa makini.

Mwaka 1971 kamati iliyoongozwa na Jaji Roger Ormrod, ambaye mwenyewe alikuwa amesomea pia udaktari, ilikubali kwamba shahada ya sheria iwe njia ya kawaida ya kuingia kwenye uwakili, lakini ikataka mlango usifungwe kwa wahitimu wa masomo mengine. Kutokana na msimamo huo ikakua kozi inayobana ndani ya mwaka mmoja masomo ya msingi: mikataba, jinai, madhara, ardhi, amana, katiba na utawala. Asiyesoma sheria anayetaka kuwa barista, yaani wakili wa kusimama mahakamani, bado huipitia, kisha husoma mafunzo ya kazi na kufanya uanagenzi wa mwaka mzima. Kwa masolisita, mawakili wanaoshughulikia zaidi mikataba, mirathi na mambo ya wateja ofisini, utaratibu ulibadilika mwaka 2021. Sasa wote, aliyesoma sheria na asiyesoma, hufanya mtihani mmoja wa taifa. Sehemu ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua jibu lililo bora. Ya pili ina kazi 16 za vitendo, kama kumhoji mteja, kuandika waraka na kutoa hoja mbele ya jaji. Juu ya hayo mtu anahitaji miaka miwili ya kazi halisi. Mtihani haumuulizi mtahiniwa alisoma nini alipokuwa na miaka 20.

Anayesema mwaka mmoja hautoshi atazame kwanza jinsi sheria inavyofundishwa. Mwaka 1891 Bi. Louisa Carlill wa London alisoma tangazo gazetini: kampuni moja iliahidi kumlipa pauni 100 mtu yeyote atakayeugua homa ya mafua baada ya kutumia kifaa chake cha kuvuta dawa puani mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Tangazo liliongeza kuwa pauni 1,000 zimewekwa benki kuonyesha kwamba kampuni haitanii. Bi. Carlill alikitumia kama ilivyoelekezwa, akaugua, akadai fedha zake. Kampuni ikajitetea kwamba yale yalikuwa maneno ya kuvutia wateja tu, na kwamba haikuwahi kupatana naye. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufani ilimpa haki: ahadi yaweza kutolewa kwa ulimwengu mzima, anayetimiza masharti yake amekwisha kuikubali, na zile fedha za benki ni ushahidi wa nia. Mwanafunzi hukutana na kesi hii wiki za mwanzo, awe London, Nairobi au Dar es Salaam. Kazi yake ni kutenga mambo yenye uzito na yasiyo na uzito, kuipata kanuni, kisha kuijaribu kwa tukio jipya. Je, duka la Kariakoo likibandika karatasi kwamba atakayepata bei ya chini kwingine atarudishiwa tofauti, limefungwa na maneno yake? Na kama halikuweka fedha popote? Mwanahistoria amezoea kuusoma waraka kwa mashaka, na mwanakemia amezoea kubadilisha kitu kimoja huku vingine vikibaki vilevile. Kanuni hawazijui bado, ni kweli, ila namna ya kufikiri wanakuja nayo, na ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi kujengeka.

Pingamizi zito zaidi ni lile la kina. Anayekaa miaka minne husoma falsafa ya sheria, historia yake, sheria za kimataifa na haki za binadamu, huku wa mwaka mmoja akikimbizana na vitabu. Hilo nalikubali: kuna hasara, na asiyekuja na kina cha fani nyingine hapaswi kupewa njia ya mkato. Lakini tusidhani kwamba shahada ya sheria peke yake ni dhamana. Mwaka 2022 Tanzania ilishtushwa na matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambako wanafunzi 26 tu kati ya 633 walifaulu moja kwa moja. Serikali iliunda kamati ya uchunguzi chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Matokeo hayo hayamaanishi kuwa miaka ya chuo kikuu haina faida. Pengine kasoro ilikuwa kwenye ufundishaji, au kwenye mtihani wenyewe. Ila wote 633 waliingia pale wakiwa na shahada ya sheria mkononi.

Japani inatuonya kwa upande mwingine. Mwaka 2004 ilianzisha shule za uzamili za sheria, miaka miwili kwa waliosoma sheria na mitatu kwa wasioisoma, kwa matumaini ya kupata mawakili wenye ujuzi mchanganyiko. Shule zikafika 74, nyingi mno kwa nafasi zilizokuwapo, waliofaulu mtihani wakawa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na wahandisi na wahasibu wakaona hawana sababu ya kuacha mishahara yao kwa bahati nasibu. Shule nyingi zimefungwa. Korea Kusini, iliyoanza mwaka 2009, iliruhusu shule 25 tu na kuzitaka zitenge angalau theluthi ya nafasi kwa waliosoma fani nyingine. Mlango ukifunguliwa bila hesabu, wanaoumia ni walewale waliokusudiwa kusaidiwa.

Jambo hili haliko mbali nasi. Jaji wa Uingereza Alfred Denning alisoma hisabati Oxford, akaifundisha kwa mwaka mmoja, akarudi kusoma sheria na kuhitimu mwaka 1922. Jaji huyohuyo ndiye aliyeongoza kamati ya mwaka 1961 kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika, wakati ambapo Mwafrika wa Afrika Mashariki aliyetaka uwakili kwa kawaida alilazimika kwenda ng'ambo. Mwaka huohuo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1963 ikaanzishwa Shule ya Sheria ya Kenya. Leo muuguzi wa Mbeya au mpima ardhi wa Kisumu mwenye shahada, akitaka uwakili, kwa kawaida anatakiwa kuanza shahada nyingine ya miaka mitatu au minne, ndipo aende kwenye mafunzo ya vitendo. Mahakama zetu zimejaa migogoro ya mipaka, uzembe wa hospitali, kodi na mifumo ya kompyuta, mambo ambayo watu kama hao wanayajua kwa ndani.

Wapo watakaosema hii ni njia ya wenye fedha. Uingereza kwa kweli ina kasoro hiyo: mtihani mpya wa masolisita ulianza kwa ada ya pauni 3,980, mbali na gharama za kujiandaa, na kampuni kubwa za London hulipia wachache zinaowataka. Lakini kwa mzazi wa Morogoro mwenye watoto shuleni, kilicho ghali zaidi ni miaka mitatu bila mshahara. Kozi ya mwaka mmoja na nusu, ya jioni na wikendi, kwa mhitimu mwenye uzoefu wa kazi, ingeanzia kwenye kundi dogo katika chuo kimoja Tanzania na kimoja Kenya. Watahiniwa wake wafanye mafunzo ya vitendo na mitihani ileile ya wenzao wenye shahada ya sheria, na kwa miaka mitano matokeo ya makundi hayo mawili yachapishwe bega kwa bega, somo kwa somo, wazi kwa kila mtu kuyasoma.