Kabla ya Saruji, Tafuta Fundi

Kila mwaka, mvua za masika zikishakatika, kuanzia mwezi wa Juni hata Agosti, msafiri apitaye katika kata ya Kaniha, wilayani Biharamulo, na kuendelea hadi Nyakahura, Rulenge na Ngara, huona moshi ukipanda kutoka kwenye matanuri ya matofali. Ni dalili njema. Watu wanajenga. Nyasi zinashuka juu ya mapaa na bati zinapanda. Kuta za miti na udongo zinaipisha nafasi matofali ya kuchoma. Fedha ya mahindi, ya tumbaku, ya pamba, ya kahawa ya Ngara, hata ile ya vijana waliokwenda kubahatisha katika machimbo ya dhahabu, nyingi huishia ukutani. Wala hatuna neno la kuwalaumu wenye kufanya hivyo, maana nyumba ni akiba isiyoweza kunywewa.

Lakini liko jambo moja ambalo limekuwa likitusumbua, nasi twapenda kulisema waziwazi. Mtu wa Biharamulo akienda mnadani kununua ng'ombe, humzunguka mara tatu. Humtazama meno, humpapasa mgongo, humwambia mwenye mali amtembeze, kisha huuliza ametoka zizi gani na mama yake alizaa mara ngapi. Mtu huyu huyu, anapotaka kujenga nyumba itakayogharimu ng'ombe kumi au zaidi, humpata fundi wake jioni moja mahali pa pombe, wakaafikiana bei kabla chupa haijaisha, na kesho yake msingi ukaanza kuchimbwa. Ng'ombe akifa, hasara ni ya ng'ombe mmoja. Nyumba ikipasuka, familia nzima hulala chini ya ufa.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii, na sababu yake si kwamba walikuwa na busara kupita sisi. Nyumba ya msonge ilijengwa na majirani mbele ya macho ya watu wote. Miti ilionekana, kamba zilionekana, na aliyejua kuezeka alijulikana kijiji kizima kwa sababu mvua ilimpima kila mwaka. Hata kazi zilizotaka elimu ya ndani zaidi, kama ile ya Warongo, wayeyusha chuma wa Buzinza, zilikuwa na wenyewe waliojulikana, na asiyefundishwa hakujitia. Nyumba ya leo ni kitu kingine. Ubora wake umefichwa. Saruji iliyotiwa kwenye msingi haionekani tena baada ya kufukiwa. Nondo zilizomo ndani ya mkanda hazihesabiki baada ya zege kumwagwa. Na plasta laini huweza kufunika ukuta uliopinda kama vile kanzu nzuri ifunikavyo kidonda. Ndiyo maana mwenye nyumba wa leo hanunui kuta tu. Ananunua pia uaminifu wa mtu ambaye hawezi kumchungulia kila saa.

Basi uaminifu huo hupimwaje? Si kwa maneno ya fundi mwenyewe, kwani mwamba ngoma huvutia kwake. Wala si kwa nyumba anayoijenga sasa, kwa maana nyumba mpya zote ni nzuri. Mwombe akutajie nyumba tatu alizozijenga ambazo zimekwisha kunyeshewa masika mawili au zaidi, kisha nenda ukazione peke yako, bila yeye. Tazama pembe za juu za madirisha na milango. Hapo ndipo nyufa za mshazari huanza kujitokeza ukuta usipofungwa vizuri. Tazama sehemu ya chini ya ukuta, kama rangi imebabuka kwa unyevu unaopanda kutoka ardhini. Gonga plasta kwa kidole. Ikilia kama ngoma, ujue imeachana na tofali. Fungua mlango na uufunge. Mlango unaogoma baada ya miaka miwili mara nyingi husimulia habari za msingi ulioketi upande mmoja.

Halafu uliza. Na hapa twamshauri ndugu msomaji asiridhike na maneno ya mwanamume wa nyumba ile, ambaye pengine atasifu ili asionekane alidanganywa. Amsalimu mama wa nyumba kwa heshima amwulize yeye, kwa kuwa ndiye awekaye sufuria chini ya tundu la bati usiku wa mvua, na ndiye aliyewapikia mafundi. Atakuambia kama fundi alifika siku alizosema, kama alikuwa mlevi, mara ngapi aliomba fedha kabla ya wakati, na kama saruji ilikuwa ikipungua usiku. Maswali hayo manne yana faida kuliko barua ya sifa yenye mihuri.

Ukimaliza kusikia, tazama vyombo vyake. Mwashi asiye na timazi, pima maji, kamba na kona mraba ni kama mwindaji aliyesahau upinde nyumbani. Siku ya kuweka mambo msingi, mwulize atahakikishaje kuwa pembe ni mraba kamili. Fundi mwenye kujua atapima futi 3 kwenye kamba ya upande mmoja na futi 4 kwenye kamba ya upande wa pili, kisha atakatiza kati ya alama hizo mbili. Kipimo kikitoka futi 5 kamili, pembe ni mraba. Kanuni hii haihitaji mashine wala umeme, na mtoto wa shule aweza kuihakiki. Fundi akikujibu kwamba anapima kwa jicho, mshukuru kwa muda wake uende zako.

Kadhalika matofali. Fundi mzuri hatakubali kujengea kila kitakacholetwa. Atachukua matofali mawili ayagonganishe. Yaliyoiva hulia kikavu, mabichi hutoa sauti nzito ya udongo. Atalizamisha moja katika ndoo ya maji hata kesho aone kama pembe zake zinamomonyoka. Yale ya pembeni mwa tanuru, ambayo moto haukuyafikia vizuri, atayatenga. Mwenye nyumba huona uchungu kwa matofali yake kukataliwa, akamdhania fundi kuwa ana kiburi. Twasema, fundi anayekataa vifaa vibovu mbele ya mwenye fedha ndiye wa kushikwa kwa mikono miwili.

Watu wengi huamini kwamba nyumba bora ni ile yenye vifaa vya dukani. Mwalimu Nyerere, alipokuwa akipima mafanikio na mapungufu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, alilalamika juu ya mawazo haya. Aliona ya kwamba kung'ang'ania saruji na bati, na kudharau matofali ya kuchoma na vigae ambavyo tungeweza kuvitengeneza wenyewe, ni kupooza kwa akili. Miaka mingi imepita, nasi twaona ugonjwa ule umebadilika sura tu. Sasa matofali ya kuchoma tunayo, lakini tunadhani mifuko ya saruji yaweza kuchukua mahali pa ujuzi. Haiwezi. Boma la Biharamulo, walilolijenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, halikusimama hata leo kwa wingi wa saruji ya kisasa. Limesimama kwa sababu kuta zake zilipangwa na watu waliosimamiwa na waliojua wanachofanya. (Kwamba jasho lililotumika lilikuwa la nani, na kwa malipo gani, hiyo ni habari nyingine, nayo si ya kusifiwa.)

Na mkoa wetu wa Kagera umekwisha kupata funzo kali. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliupiga, hasa pande za Bukoba na Missenyi. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba ziliharibika, na majengo ya shule za Ihungo na Nyakato yakawa magofu. Nyumba za matofali zilizojengwa kwa tope, pasipo mkanda wa zege wa kuzifunga kuta pamoja, na pasipo pembe kushikana, haziwezi kuvumilia mtikisiko. Kwa hiyo mwulize fundi wako, kabla ya jambo lingine lolote, kuhusu pembe na mkanda. Akisema mkanda ni wa nyumba za matajiri, huyo hakufai.

Sasa tuje kwenye fedha, mahali ambapo urafiki mwingi huvunjikia. Desturi iliyoenea ni kumpa fundi nusu ya malipo siku ya kwanza. Desturi hii ni mbaya kwa pande zote mbili. Fundi aliyekwisha kula nusu huona kazi iliyobaki kuwa deni, na huanza kuchukua kazi nyingine kijiji cha pili ili apate nusu nyingine. Mwenye nyumba hubaki na kuta za kiunoni zinazonyeshewa. Yafaa kazi ikatwe vipande, na kila kipande kilipwe kikishaonekana: msingi, kuta hadi usawa wa madirisha, kuta hadi mkanda, kenchi na bati, plasta na sakafu. Kitangulizi kiwe kidogo, cha chakula na nauli. Na sehemu ya mwisho, hata kama ni moja ya kumi tu, isitolewe mpaka mvua ya kwanza ya vuli iwe imepiga lile paa.

Yote hayo yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja ya daftari la shule yatosha, yenye vipimo vya nyumba, kazi itakayofanywa, nani ananunua nini, malipo ya kila kipande na siku ya kumaliza, ikatiwa sahihi na wote wawili pamoja na mashahidi, nakala moja ikakaa kwa mtendaji wa kijiji. Ikitokea mzozo, hata kufika Mahakama ya Mwanzo, karatasi hiyo itasema wakati wengine wanaapa. Vifaa na vinunuliwe na mwenye nyumba mwenyewe, fundi akiwa mshauri. Ajue mathalani kwamba katika bati namba ikizidi, unene hupungua, yaani geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Wasioijua hesabu hii ya kinyume wamekwisha kuuziwa bati nyembamba wakifurahi kwamba wamepewa namba kubwa.

Lakini haki haina upande mmoja. Nyumba nyingine mbovu hazikuharibiwa na fundi. Mwenyewe ndiye aliyesimama pale na kuamuru saruji irefushwe. Mfuko wa kilo 50 ni kama debe mbili kasoro kidogo. Ukijengea kwa kipimo cha moja kwa sita, mchanga wake ni kama debe kumi na nusu. Bwana mwenye nyumba anapotaka debe ishirini ziingie kwenye mfuko huo huo, kisha baada ya mwaka ukuta ukachunika kwa ukucha, amlaumu nani? Hali kadhalika kumcheleweshea fundi ujira wake kwa kisingizio cha mahindi hayajauzwa. Fundi naye ana watoto, na saidia fundi aliyebeba maji ya kumwagilia zege siku saba mfululizo ana njaa ya leo, si ya mavuno.

Tena tujihadhari na ujira wa kutupa. Baada ya Aprili 1994, watu kiasi cha robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, na kambi kubwa ya Benaco ikainuka wilayani Ngara, wenyeji wengi waliwaajiri wakimbizi kulima na hata kujenga nyumba kwa malipo madogo mno. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao. Miongoni mwao bila shaka walikuwamo mafundi hodari, wala hatuwasemi vibaya. Twasema tu kwamba mtu aliyelipwa ujira wa shida na asiyekuwa na makao hawezi kuitwa tena kuja kutazama ufa. Fundi anayeishi umbali wa kutembea kwa miguu, ambaye mkewe huteka maji kisima kimoja na mkeo, ana sababu ya pekee ya kufanya kazi vizuri.

Umeme usiguswe na mwashi wala seremala, hata akisema amewahi kuona. Kazi hiyo ina leseni zake zitolewazo na EWURA, omba uione.

Kuhusu vyeti, tusivipuuze na tusiviabudu. Kijana aliyesoma uashi katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Rubondo, hapa hapa Biharamulo, ana msingi mzuri wa kipimo na hesabu. Mzee aliyejenga miaka thelathini bila cheti ana mambo ambayo hayamo kitabuni, na VETA wanao utaratibu wa kuwapima watu kama hao na kuwapa vyeti kwa ujuzi walioupatia kazini. Wakipewa kazi pamoja, kijana akishika tepu na mzee akishika mwiko, mwenye nyumba ndiye anayefaidi.

Lililobaki ni la serikali zetu za vijiji. Kila ofisi ya kijiji ina daftari la wakazi. Iwe na daftari la mafundi pia. Halihitaji bajeti wala semina. Liwe na safu nne: jina la fundi, nyumba aliyoijenga, mwaka alioimaliza, na ya nne iachwe tupu, ili mwenye nyumba aje aijaze mwenyewe masika mawili yakishapita, akieleza kama paa linavuja.