Mji uliojengwa juu ya makaa

Katika inchi ya Australia, upande wa Victoria, kuna mji mkubwa uitwao Melbourne. Zamani makaa ya mawe ya mji huo yalitoka mbali kwa meli. Wachimbaji wa kule walipogoma, viwanda vya Melbourne vilikosa moto.

Lakini mahali paitwapo Yallourn, kilometa 150 hivi toka Melbourne, palikuwa na makaa mengi karibu na uso wa inchi. Makaa hayo si meusi, ni ya rangi ya kahawia, tena yamejaa maji. Katika kilo 3 za makaa, karibu kilo 2 ni maji. Kuyasafirisha ni kama kulipa nauli ya maji. Kwa hiyo Shirika la Umeme la Victoria liliamua kuyachoma palepale, na kupeleka mjini umeme. Mkubwa wa kazi hiyo alikuwa John Monash, fundi na jemadari.

Kazi ilikuwa hivi. Mashini zilichota makaa katika shimo kubwa lililo wazi. Makaa yalichomwa, moto ukachemsha maji, maji yakawa mvuke. Mvuke ulizungusha gurudumu, na gurudumu lilizungusha mashini ya kuzaa umeme. Mwaka 1924 umeme ulifika Melbourne kwa njia ya waya.

Wafanya kazi walihitaji makao karibu na kazi. Basi Shirika liliwajengea mji. Kila kitu kilipangwa mbele: njia zenye miti, nyumba zenye bustani, maduka, shule, makanisa na hospitali. Watu walipenda mji wao, ingawa vumbi la makaa lilichafua nguo zilizoanikwa. Mwaka 1934 mto ulifurika ukajaza shimo. Mwaka 1944 moto wa porini ulishika makaa ya shimoni. Hata hivyo watu hawakuhama.

Lakini nyumba hazikuwa mali yao. Zilikuwa za Shirika, nao walilipa kodi tu. Tena chini ya nyumba hizo mlikuwa na makaa. Mwisho wa miaka ya 1960, Shirika lilitangaza kwamba mji utaondolewa ili makaa yachimbwe. Wenyeji walikataa, wakateta sana, lakini hawakusikilizwa. Nyumba nyingine zilibomolewa, nyingine zilipakiwa juu ya magari zikapelekwa miji mingine. Katika miaka ya 1980 mji ulikuwa umekwisha. Pale watoto walipocheza pakawa shimo.

Makaa ndiyo yaliyouleta mji ule, na makaa ndiyo yaliyouondoa.

Maulizo
1. Kwa nini Shirika liliamua kuyachoma makaa ya Yallourn palepale?
2. Mvuke ulifanya kazi gani?
3. Nyumba zilikuwa mali ya nani? Jambo hilo liliwaletea wenyeji shida gani?